Tawi la Upande wa Geti

Siku mke wangu alipofariki, nilikuwa juu ya mchungwa nikimsubiri aniambie nikate au nisikate.

Machungwa yalikuwa yameshachumwa na sisi tulikuwa tunapogoa. Mimi nilikalia tawi nene, msumeno mapajani. Yeye alisimama chini, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameukinga juu ya macho kwa sababu ya jua. Nilikuwa nimeshaanza kulikata tawi moja la upande wa geti, kidogo tu kwa chini, aliponisimamisha.

"Ngoja kwanza! Usikate mpaka nirudi. Nikatazame sufuria."

"Sufuria ina miguu? Itakimbilia wapi?"

"Kaa hapo hapo, Fundi. Usiguse kitu."

Nikakaa. Nilisikia malapa yake yakiburuta mpaka jikoni, mlango ukalia, kisha kimya. Nikang'oa vichipukizi vilivyokuwa karibu na mkono wangu. Nikakwangua ukungu kwenye gome kwa ukucha. Nilipochoka nikaita.

"Meneja! Huku juu siafu wananila, wewe unaonja mchuzi?"

Siafu hawakuwepo. Nilitaka tu acheke, atoke. Hakujibu, nami nikaendelea kukaa, maana nilijua nikishuka kabla ya kuruhusiwa nitasemwa mpaka jioni. Nilikaa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili zake angekaa. Mwishowe nikashuka huku nanung'unika, na maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

Nilimkuta sakafuni chini ya dirisha, karibu na sinki, lapa moja limemtoka mguuni. Nilipiga magoti, nikamwita kwa jina lake ambalo hatukuwa tukilitumia tena sisi wawili. Nilipotaka kunyanyuka ili nikaite watu, nilishika jiko. Nakumbuka jiko lilikuwa baridi. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuteseka. Nilimshukuru, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya.

Naandika haya ili nisije nikayachanganya nitakapozeeka zaidi. Binti yangu anasema tayari nimeanza kuyachanganya, lakini yeye anazungumzia funguo.

Uwanja wetu si mkubwa. Nyumba iko nyuma, geti liko mbele, na kati yake kuna miti tuliyoipanda wenyewe tulipohamia: mipera, mlimau, mparachichi ambao umetushinda kwa urefu, na huo mchungwa. Mchungwa uko katikati kabisa, kati ya dirisha la jikoni na geti. Tuliupanda ukiwa mche wa kubeba kwa mkono mmoja, na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba siku moja utaziba nusu ya uwanja.

Mimi nilikuwa fundi wa laini za umeme. Maisha yangu yote ya kazi niliyapitisha juu ya nguzo, na wenzangu waliniita Kima. Kwa hiyo kupanda lilikuwa jambo langu. Lakini mti haupogolewi na mpandaji peke yake. Ukiwa juu unaona tawi lililo mbele ya pua yako na majani yanayokuingia machoni. Umbo la mti lote liko chini, kwa yule anayeangalia kutoka mbali. Hivyo mimi nilikuwa mikono na yeye alikuwa macho, na kwa sababu alipenda kuamuru nikamwita Meneja. Tulisoma naye sekondari moja, darasa moja. Kwenye hesabu alinipita kila muhula, na hakuniacha nisahau.

"Hilo hapo kushoto kwako."

"Hili?"

"Kushoto, Fundi. Mkono usiotumia kulia chakula."

Tulianza kila mara na yaliyokauka, hayo hayana ubishi. Halafu matawi yanayosuguana, tunaondoa moja na kuacha lililokaa vizuri. Halafu vile vichipukizi vinavyokwenda juu moja kwa moja kama fimbo, vinavyokula chakula cha mti na havizai. Mti mzima hautaki kukatwa kwa hasira. Ukiupunguza sana kwa mara moja, unashtuka, unaotesha msitu wa fimbo na machungwa huyaoni. Tawi nene unalikata kwanza kidogo kwa chini, ndipo unakuja juu, mbele kidogo ya pale ulipoanzia. Ukianza juu, uzito wake utalivunja kabla hujamaliza, nalo litaondoka na gome mpaka kwenye shina. Mti wa umri ule ukichanwa shina, unakufa kidogo kidogo mbele ya macho yako.

Katika yote hayo tulielewana. Tulichogombania kila mwaka ni upande wa geti.

Upande ule ndio uliopata jua la asubuhi, na ndio uliozaa sana. Na Meneja kila mwaka alitaka upunguzwe. Si kidogo. Alitaka uwazi, tundu la kupitisha beseni. Nikimwambia tunatupa machungwa matamu kuliko yote, alikuwa na jibu lake.

"Mti nao unahitaji kupumua."

"Upumue kwa pua moja?"

"Kata, Fundi. Yaliyobaki yatatushinda kula."

Ni kweli yalitushinda, tuligawa kwa majirani mpaka wakawa wanajificha wakituona na kapu. Lakini mti ulikuwa kichekesho. Waliopita njiani walisema mchungwa wetu umeng'oka jino. Jirani yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Redio kwa sababu hazimwi, alikuwa akimtania waziwazi. "Shoga, mume wako anapanda nguzo za serikali, mti wake mwenyewe unamshinda!" Mke wangu alicheka naye, na mwaka uliofuata akaniamuru nikate pale pale. Nilikata. Niliamini ni ukaidi, na ukaidi wake nilikuwa nimeshauzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kidogo.

Mwaka wa kwanza baada ya yeye kuondoka sikupogoa. Sikufanya mambo mengi mwaka ule. Niliamka, nikachemsha chai ya watu wawili, nikamwaga nusu. Mipera ikajifanyia ilivyotaka. Matawi ya mlimau yakaingia bafuni kupitia dirishani, nami nikawa naoga nayo.

Lile tawi nililolianza kwa chini halikufa. Kile kidonda kikafunga, kikaacha alama kama mdomo uliobanwa. Halafu likanenepa, likainama kuelekea kwenye uwazi, na mwaka uliofuata likazaa kuliko matawi mengine yote.

Binti yangu alikuja akalitazama. Yeye ni mshonaji, anafanya kazi mji mwingine, na ana jicho la mama yake kwa kitu kilichokaa vibaya.

"Baba, hili tawi litaanguka."

"Haliwezi."

"Tazama hapa chini lilipokatwa. Uzito wote umekaa juu ya kovu. Likianguka litauchana mti mpaka chini. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mama yako alisema nisikate mpaka arudi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kuna mvua. Binti yangu aliingia ndani, nikasikia anafungua bomba na kuyaacha maji yamwagike bure. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema, "Basi angalau litegemeze."

Nikalitegemeza kwa mti wenye panda. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kama panda imeteleza. Mtu akipita na kusema fundi unauwekea mchungwa mkongojo, nilisema ndiyo, umezeeka na mwenye nao. Wakicheka nami nacheka. Lakini usiku upepo ukivuma nililala macho wazi nikisikiliza kama nitasikia mti ukichanika. Sikuwa tayari kulikata, na sikuwa tayari kuupoteza mti. Neno la mwisho la mke wangu lilikuwa "usiguse kitu." Hakusema mengine. Laiti ningekuwa na neno lingine, ningelifuata hilo.

Mwaka huu, machungwa yalipokwisha kuchumwa, ule mkongojo wenye panda ulipasuka. Nilikuwa uwanjani, nikauona mpasuko ukipanda taratibu kama uzi unaofumuka. Tawi likashuka shibri moja, likasimama. Kwenye kovu, gome lilikuwa limeanza kufunguka.

Nikajua sina msimu mwingine.

Nilichukua ngazi, nikanoa msumeno. Nilianza na miti mingine, na wala sijifichi kwamba nilikuwa najichelewesha. Mipera ilikuwa rahisi. Mlimau niliukata kwa hasira ya mtu aliyeoga nao mwaka mzima. Hata hivyo kila baada ya matawi machache ilinibidi nishuke, nirudi nyuma mpaka ukutani, nitazame, nipande tena. Nikiwa juu nilikuwa nimeshasahau nilichokiona chini. Mkono ulishika tawi na mdomo ukauliza, "Hili?" kabla sijauzuia. Nilifika mahali nikawa najibu mwenyewe, na majibu yangu hayakuwa mazuri.

Mama Redio alinisikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Shemeji! Unaongea na nani huko juu?"

"Na mti."

"Unajibu?"

"Haujibu."

"Basi subiri nije, mimi najibu."

Akaja, kanga kiunoni, akasimama chini ya mchungwa pale pale aliposimama mwenzake. Nilishukuru na niliumia kwa wakati mmoja. Nikamweleza kazi yake: atazame umbo, aniambie tawi gani limezidi.

"Yote yamezidi," akasema.

"Moja moja, shemeji."

"Haya. Kata hilo."

"Lipi?"

"Hilo lenye majani."

"Yote yana majani."

"Basi utashindwaje? Kata lolote, Mungu atayaotesha mengine." Akakaza kanga kiunoni. "Marehemu alikuwa anafanyaje? Mimi nilikuwa namwona kwa juu ya ukuta tu. Anasimama hapa, anatazama, anakimbia ndani, anarudi, anakupigia kelele. Anakimbia tena ndani. Nikajisemea huyu shoga yangu leo tumbo linamsumbua."

"Alikuwa anakwenda kutazama sufuria."

"Sufuria gani inatazamwa hivyo? Mtoto mchanga hatazamwi hivyo!"

Akacheka, akaona sicheki, akasema ana maharage yake motoni na yeye, akaenda. Nikabaki juu ya mchungwa.

Nilikaa pale nikijaribu kukumbuka siku za kupogoa. Kwa miaka mingi tulizifanya kwa namna moja. Tulianza mapema, tulichafuka, na mchana tulikaa juu ya matawi yaliyoanguka tukala kiporo. Wali wa jana, mara nyingine ugali wa jana, ukiwa baridi. Yeye mwenyewe aliweka hiyo kanuni. Siku ya kupogoa hapapikwi, alisema, siwezi kuwa meneja na mpishi kwa mshahara huu. Nilimtania kwamba ndiyo maana nakata polepole, nachelewesha chakula chenyewe.

Hapapikwi.

Nikaliona jiko tena, nikahisi ule ubaridi wake kwenye kiganja changu.

Nilishuka. Sikwenda ukutani kutazama mti. Niliingia jikoni, nikasimama mbele ya sinki, mahali nilipomkuta, mahali ambapo tangu siku ile naosha kikombe changu nikiwa nimeinamisha kichwa. Safari hii niliinua kichwa, nikatazama nje.

Dirisha lilikuwa limejaa mchungwa. Majani tu, kutoka pembe hadi pembe, na katikati lile tawi lililoinama. Nyuma ya tawi, kwenye kinafasi kidogo kama tundu la kitasa, palikuwa na chuma cha kijani. Lilikuwa geti letu.

Nikaelewa tundu la kupitisha beseni lilikuwa la nini.

Nilikuwa na mwenzangu kazini tuliyemwita Popo, kwa sababu alipenda kuning'inia kwenye mkanda kichwa chini akitupigia soga. Jioni moja, wakati wa mvua, nguzo iliyooza ilianguka naye. Mke wake alikuwa ndani anapika. Alijua tu pale watu walipokuwa wameshajaa barazani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Meneja alikaa naye siku zile zote, na aliporudi nyumbani hakuniambia neno juu ya kazi yangu. Hakunisihi niache. Watoto walikuwa wanasoma, tusingeweza. Alichofanya ni kunipandisha juu ya mchungwa msimu uliofuata na kuniambia nipunguze upande wa geti. Mimi nilidhani ni kwa sababu mti ulikuwa umeanza kuwa mkubwa. Na kweli ulikuwa umeanza kuwa mkubwa. Ulikuwa umeanza kuziba.

Kila jioni, kwa miaka yote niliyopanda nguzo, alisimama hapa akiwa na sufuria mkononi, akalitazama geti mpaka mimi nikaingia kwa miguu yangu. Nikifika alikuwa amegeuka, anakoroga. "Umechelewa," alisema, bila kunitazama. Na nilipostaafu hakuacha. Nikienda dukani, nikienda kucheza bao, tundu lilibaki.

Hakuniambia. Nadhani asingeweza kuniambia bila kunitia woga, na mtu mwenye woga hafai juu ya nguzo.

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ile alikuwa amekuja kuangalia kama tawi nililoshika ndilo linaloziba. Akaangalia. Sijui kama aliona. Lakini mimi sasa nilikuwa naona, kutoka palepale, na hapakuwa na cha kubishana. Angetoka nje, angekinga jua kwa mkono, angesema, "Ndiyo, hilo. Kata, Fundi."

Nilipanda tena. Sikukata pale kwenye kovu, gome lilikuwa limeshalegea. Nilisogea mbele kidogo, nikaanza kwa chini kama inavyotakiwa, nikaja juu. Lilikuwa tawi nene kuliko nilivyodhani na ilinibidi nipumzike mara kwa mara, paji la uso likiwa juu ya gome. Lilipoanza kulia nilivuta mkono. Likaanguka lenyewe, safi, bila kuchana kitu. Kisha nikarudi kwenye kile kivimbe ambapo tawi linatoka kwenye shina, nikakata kisiki kilichobaki pamoja na kovu lake, nikalainisha kingo kwa kisu ili maji yasituame.

Sikuuliza "hili?" hata mara moja. Niliona ajabu kidogo, halafu nikaona upweke, maana hata lile swali lilikuwa namna ya kuwa naye.

Nilikusanya majani mpaka jua likashuka. Mama Redio alichungulia juu ya ukuta.

"Shemeji, umeung'oa jino tena!"

"Nimeung'oa."

"Tumeshazoea mti mzima, unaturudisha kwenye pengo?"

"Mti unahitaji kupumua," nikamwambia.

Akasema nisilale bila kula, na kichwa chake kikatoweka.

Niliingia jikoni kunawa. Kulikuwa na kiporo kwenye sufuria, nikakila kikiwa baridi, nimesimama. Geti lilionekana lote, mpaka komeo. Nje ya geti alipita mtu na baiskeli, hakusimama. Nikaendelea kutazama mpaka giza likaingia na kwenye kioo nikabaki mimi.

Binti yangu huja mwisho wa mwezi. Siku hizi namwona kabla hajagonga.